Mwalimu Alipokuwa Akifikiri

Veronika, fundi kompyuta wa Morotonga, aliipima kila mashine kwa kuipigisha nyimbo za kwaya. Ikiimba kutwa nzima bila kukwama, imepona, njoo uchukue. Miaka tisa alifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika, ukiacha wale wa kulalamika tu, ambao hata ukiwapa kompyuta mpya ya dukani wataitafutia kasoro.

Februari, mwalimu mstaafu Stanslaus alishuka kwenye bodaboda akitokea Issenye, kompyuta ya mezani ameikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Mashine hii inaganda."

"Inaganda ukifanya nini?"

"Nisipofanya kitu. Nikiandika haina neno. Nikinyamaza nifikiri, inaganda."

Veronika alicheka. Leo akikikumbuka kicheko kile anatamani ardhi ipasuke immeze.

Mwalimu hakukasirika. Akaeleza kwamba alikuwa akiandika majina ya rangi za ng'ombe kwa Kinata, lugha ya kwao, maana kila mchanganyiko wa rangi na madoa una jina lake. Kaka zake waliokuwa wakiyajua wote wameshafariki, amebaki yeye, na hospitali wamemwambia kichwa chake kinaanza kusahau.

"Nina haraka, mama. Neno linakuja polepole, nalisubiri. Likikaribia, kioo kinaganda. Nikizima na kuwasha, limekwenda."

Veronika alipuliza vumbi, akafuta virusi, akaweka programu upya, kisha akaipigisha kwaya siku tatu. Haikuganda hata mara moja. Akampigia simu Imelda, mke wa mwalimu, aje aichukue, na alipofika akamvuta pembeni.

"Mama, mashine ni nzima. Nafikiri ni mwalimu mwenyewe. Umri."

Imelda aliamini, kwa kuwa hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Tangu siku ile mwalimu akisema kioo kimeganda, nyumbani walimwitikia ndiyo, ndiyo, kama anavyoitikiwa mtoto. Baadaye akaacha kulalamika. Kisha akaacha kuandika.

Agosti Imelda aliirudisha mashine Morotonga. "Mwalimu haigusi tena," alisema. "Niandalie, tutampa mjukuu."

Veronika akaiwasha, kwaya ikaanza kama kawaida. Asubuhi hiyo Agustina, muuza mboga wa kibanda cha pili, akaletewa habari kwamba amefiwa na baba yake. Mstari mzima wa vibanda ukazima redio, maana huwezi kupiga muziki jirani yako analia. Veronika naye alizima kwaya, akaiacha mashine inawaka, akaenda kumpa pole mwenzake.

Aliporudi ilikuwa saa sita. Saa ya kwenye kioo ilikuwa imesimama saa nne na dakika kumi na mbili, na mshale wa kipanya haukusogea.

Aliiwasha upya, akakunja mikono, akaitazama tu bila kugusa kitu. Dakika ishirini, ikaganda. Akafungua boksi, akatoa pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, akafunga nyingine iliyotoka kwenye mashine nzima. Ikakaa kimya mpaka jioni na haikuganda. Basi ugonjwa ulikuwa hapo: pawa saplai ile ilikuwa imechoka. Kazi ikiwa nyingi ilitoa umeme vizuri. Kazi ikipungua, mashine ikitaka umeme kidogo tu, umeme uliyumba na kila kitu kikasimama. Kumbe kwaya ndiyo iliyokuwa ikiuficha ugonjwa wenyewe. Mwalimu alikuwa amemwambia hivyo hivyo kwa Kiswahili chepesi, na yeye akamcheka. Veronika alijifunika uso kwa kanga akalia, na waliopita walidhani ni huo msiba wa jirani.

Kesho yake alipanda bodaboda na mashine mpaka Issenye. Mwalimu alikuwa amekaa mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe ni wa kwa nani?"

Imelda akainamisha macho.

Veronika akaiunganisha mashine mezani karibu na dirisha, akafungua orodha ya mwalimu. Majina mia moja na manne. Mbele ya namba mia moja na tano hapakuwa na kitu.

"Mwalimu, nilikosea mimi," alisema. "Hukuwa wewe. Sasa fikiri utakavyo, haitaganda."

Mzee akaweka vidole kwenye kibodi. Wakasubiri. Kistari kwenye kioo kiliwaka na kuzimika, kikawaka na kuzimika. Nusu saa ikapita, mashine imetulia tuli. Nje ng'ombe wa jirani walikuwa wakipita kwenda kunywa maji, na mmoja wao alikuwa na madoa meusi juu ya weupe, kichwa chekundu, mkia mweupe. Mwalimu alimwona. Uso ukamchangamka, akanyoosha kidole, midomo ikafunguka. Veronika akasogea karibu.

"Ng'ombe," alisema mwalimu kwa Kiswahili, akamgeukia kwa furaha ya mtu aliyepatia jibu. "Andika, mama. Ng'ombe."

Veronika akaandika.