Sikio la Oyaro

Oyaro hakumwona dada yake akikata roho, na kwa miaka mitatu nilimchukia kwa sababu hiyo. Wala sikumchukia kimyakimya. Nilisema kwenye foleni ya majani chai, nikasema hotelini, nikasema hata nje ya kanisa, kwamba pale senta, penye maduka yetu, kuna mtu aliyeitwa kwa dada yake mahututi akabaki akicheza gemu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyempelekea habari, hakuna aliyenibishia.

Naitwa Weldon. Miaka hiyo nilikuwa karani wa mizani katika shamba moja la chai, yaani mtu anayepima majani na kuchukiwa na kila mchunaji. Oyaro alikuwa Mkisii kutoka upande wa Nyamira. Baba yake, Mzee Nyamwange, alitaka kijana abaki nyumbani alime, kijana akataka waya na redio. Wakakosana kabisa, akaja kwetu Kericho akakodi chumba pale senta na kujifundisha kazi kwa kufungua redio za watu. Zilizokataa kufungika tena alilazimika kuzinunua. Dada yake Esnah alimfuata baadaye, akaandikwa kuchuna chai shambani kwetu na kupewa nyumba kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Wakati wa ile vita ya tisini na mbili, watu wa kabila langu na la kwao walipokuwa wakichomeana nyumba, hao wawili walilala kwetu siku nne, mama yangu akiwapikia na kuwakataza kuchungulia dirishani. Baada ya hapo tulikuwa zaidi ya majirani.

Mwaka wa tisini na nne Oyaro alienda Nairobi kutafuta spea, akarudi na mashine ya gemu. Ilikuwa ya plastiki ya kijivu, nyepesi hata ukiicheza kwa nguvu inasogea mezani. Kaseti yake iliandikwa kuwa ina gemu mia tisa. Tulipozipitia tulikuta saba, nyingine zote ni hizo hizo saba zilizobadilishwa rangi. Maandishi yalikuwa ya Kijapani, kwa hiyo majina tulizipa wenyewe: Ya Vifaru, Ya Mbio, Ya Mapango na zile nyingine ambazo hata hatukujisumbua kuzibatiza.

Watu walikuja pale kucheza, lakini mwenye chumba alikuwa anasikiliza. Oyaro aliimba besi katika kwaya ya Wasabato na alikuwa na sikio ambalo sijaona mwenzake. Angekuambia redio yako inaumwa wapi kabla hujaitoa kwenye mfuko. Kuhusu muziki wa gemu alikuwa na maoni mengi kuliko wakili, na hakungoja kuulizwa.

"Hawa watu walikuwa na sauti tatu tu, Weldon," aliniambia. "Tatu, na ingine ya kukwaruza kama mchanga kwa karai. Sisi kwaya tuko ishirini na bado tunashindwa."

Alikuwa na kipimo chake. Wimbo wa gemu, alisema, lazima uweze kusikika mara mia bila kukera, kwa sababu mchezaji atakufa mara mia. Ya Vifaru aliidharau waziwazi: kawimbo kafupi mwanzoni, kisha kunguruma hadi mwisho. Alidai hata posho mill ina tuni kuliko hiyo. Lakini Ya Mapango alikuwa akiizungumzia kama mtu anayesifu shamba la baba yake. Ile stage ya maji ilikuwa na wimbo wa polepole wa kuhesabu tatu tatu, na Oyaro alisema aliyeutunga alijua mtu akiingia kwenye maji lazima aache haraka. Vijana walipoanza kurudi kutoka Nairobi na habari za mashine mpya za diski, zenye gitaa la kweli na watu wanaoimba, aliwasikiliza hadi mwisho akatikisa kichwa. "Wameleta bendi," akasema, "wakasahau wimbo."

Mtu pekee aliyembishia ni Esnah. Alikuwa akija baada ya mizani, vidole vyeusi kwa utomvu wa majani, anakaa mwisho wa benchi na kuanzisha kesi. Yeye alisema wimbo bora wa Ya Mapango ni ule wa kufa.

"Hiyo ni noti saba tu," Oyaro akalalamika.

"Na zinatosha. Hizo zingine zote zinakudanganya ati utafika. Hiyo ya kufa haidanganyi mtu."

"Wewe unapenda huzuni."

"Mimi napenda ukweli, ndugu yangu. Sogea nikae vizuri."

Kitu kimoja tu walikubaliana. Waliamini kwamba mtunzi aliyetoa nyimbo tamu hivyo njiani, bila shaka ameficha iliyo tamu zaidi kule mwisho, kwa mwenye kumaliza. Hakuna mtu pale senta aliyewahi kumaliza Ya Mapango. Ile mashine haikukumbuka kitu. Stima zikipotea, na zilipotea kila mvua ikitisha, ulianza upya kutoka pango la kwanza. Esnah alikuwa akiniuliza hata mbele ya mizani, kikapu kikiwa bado mgongoni, kama ndugu yake amefika wapi. Aliutaka ule wimbo wa mwisho jinsi mwingine angetaka harusi.

Agosti ya tisini na sita alianza kukohoa. Alisema ni umande wa asubuhi, na sisi tukakubali kuwa ni umande, maana kila mchunaji anakohoa. Jumatano moja, karibu saa sita mchana, alianguka katikati ya mistari ya chai, kikapu kikamwagika. Gari la shamba likamkimbiza hospitali Kericho mjini. Liliporudi, dereva alinijia moja kwa moja kwenye mizani.

"Daktari amesema ndugu zake waitwe," akasema. "Ingia, twende senta."

Hakuzima hata injini tulipofika. Nilikuta chumba cha Oyaro kimejaa, watu wamenyamaza kama wako kwenye maombi. Oyaro alikuwa kwenye benchi, amenipa mgongo. Kwenye kioo cha televisheni kulikuwa na pango ambalo sijawahi kuliona, na sauti imefunguliwa yote, wimbo mgeni kabisa. Nikasimama mlangoni. Mama yangu alinifunza kwamba mgonjwa aliyezidiwa hatajwi jina lake mlangoni mbele ya watu, maana ni kama umeshaanza kumlilia. Kwa hiyo sikusema Esnah. Nilisema, "Oyaro, dada yako amezidiwa. Wahi."

Hakugeuka. "Nimesikia," akasema.

Wagonjwa wote wa shamba walipelekwa hospitali ile ile, hata mtoto alijua. Dereva akapiga honi, nikarudi kwenye mizani yangu.

Jioni nilienda Kericho mwenyewe. Esnah alikuwa peke yake kwenye kitanda cha dirishani, anapumua kwa taabu, lakini macho yake yalikuwa wazi. Aliniangalia, kisha akaangalia nyuma yangu.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Alikuwa anafanya nini?"

Ningeweza kusema lolote. Nilikuwa na hasira, nikasema ukweli. "Alikuwa kwa gemu. Ya Mapango. Amefika mbali."

Alivuta blanketi hadi kidevuni. Halafu akasema, "Basi anamaliza. Wacha amalize." Akageuza uso upande wa ukuta. Alikufa alfajiri.

Oyaro alitokea siku hiyo mchana pale mochari akiwa na baba yake. Nikajua ameenda kumchukua mzee baada ya kusikia msiba, na nikaona ameweza kusafiri hadi Nyamira kwa ajili ya maiti ila hakuweza kufika Kericho kwa ajili ya mtu aliye hai. Nilienda mazishi kwa heshima ya Esnah. Sikumpa Oyaro mkono.

Niliporudi nikaanza kusema, na walioketi kwenye lile benchi wakanisaidia: kweli aliitwa, kweli hakuinuka, kweli alimaliza gemu kwanza ndipo akatoka mbio. Habari ya namna hiyo haihitaji miguu. Wanawake wa laini walipeleka redio zao kwa fundi mwingine. Kanisani alitoka kwenye kwaya, au walimtoa, sikufuatilia. Mashine ya gemu aliendelea nayo miezi michache, lakini alizima sauti. Vijana walicheza wakisikia vidole vyao tu, wakaiita gemu bubu, kisha wakahama. Nilipokutana naye barabarani alinisalimia kwa jina, nami nikapita. Hakuwahi kujitetea hata kwa neno moja. Nilichukua kimya hicho kuwa ni kukiri kosa, na nilijiona mtu wa haki sana.

Mwaka wa tisini na tisa, siku ya soko, nilikuwa hotelini nikinywa chai. Mzee mmoja mwenye koti refu akaja mezani kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilimkumbuka kutoka mazishini. Alikuwa Mzee Nyamwange.

"Wewe ndiye karani wa mizani," akasema. "Siku nyingi nataka kukushukuru. Wewe ndiye ulinirudishia kijana."

Nikamwambia sielewi.

Akaketi, akaeleza polepole kama mtu anayesimulia habari njema. Oyaro alikuwa hajakanyaga kwake miaka minane. Halafu jioni moja ya Agosti akamwona anapanda kilima mbio, viatu vimejaa matope, analia kama mtoto.

"Mimi nilikuwa nakula viazi," mzee akasema. "Akaniuliza, tata, uko hai? Nikamwambia, si unaniona nakula. Akasema karani amemwambia tata amezidiwa. Wewe unajua mimi nina presha miaka mingi, kwa hivyo aliamini. Tulicheka siku hiyo mpaka nikakohoa. Akalala kwangu. Tukasameheana kila kitu. Asubuhi ndio tukasikia ya Esnah." Akafuta macho kwa kiganja. "Ilikuwa kosa ya mdomo tu. Aliniambia nisiseme kwa mtu, lakini wewe ni mwenyewe, unajua."

Sikuwa najua. Kwa Kikisii, tata ni baba. Na sisi Wakipsigis, d na t kinywani mwetu ni pacha. Hatuwezi kuwatofautisha mpaka mgeni acheke. Nilikaa pale na kikombe mkononi, na kwa mara ya kwanza nikajisikia mwenyewe nikiwa mlangoni pa chumba kile, nikisema kwa sauti kubwa na moyo safi: tata yako amezidiwa.

Sikumaliza chai. Nilimkuta Oyaro ameinamia redio, chuma cha kulehemu mkononi. Alikuwa amekonda. Nikasimama pale pale mlangoni hadi akainua kichwa, akaniona, na akajua.

"Mzee ameongea," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ile vita ilikuwa bado mbichi. Niende kwa watu wetu niseme Mkipsigis ameniletea habari ya uongo, dada yangu akafa peke yake? Nani angengoja nimalize kueleza?" Akapuliza moshi wa risasi ya kulehemu. "Mama yako alituficha siku nne. Singeweza."

"Lakini mimi nimekuchafua kila mahali. Miaka tatu."

"Hukunichafua. Ulisema sikuinuka, na sikuinuka." Alisema hivyo bila uchungu, na hilo liliniumiza kuliko angenitukana. "Weldon, mdomo wako naujua miaka kumi. Ukisema galamu, mimi nasikia kalamu, sijawahi kukosea hata siku moja. Hiyo siku sikutaka kusikia. Nilisikia neno moja tu, nikasema mzee ni wa kuzidiwa kila mwezi, wacha kwanza nimalize nimchukulie Esnah wimbo wake. Ningegeuka nikuone uso, ningejua ni nani."

Nikamuuliza swali la kijinga, kwa sababu sikuwa na lingine. Nilimuuliza kama ulikuwa mzuri, ule wimbo wa mwisho.

"Hakukuwa na wimbo," Oyaro akasema. "Maandishi yalipita, kimya kabisa. Halafu ikarudi pango la kwanza."

Nje mtu alikuwa akibishana na muuza kabeji. Niliomba msamaha, akasema yameisha, na wote wawili tulijua ni maneno ya adabu. Kisha akaweka chini kile chuma, akakisogeza mbali na waya, akanitazama.

"Wewe ulimwona jioni hiyo," akasema. "Aliniulizia?"

Jibu hilo nilikuwa nimelibeba miaka mitatu. Nilikuwa nimeliweka akiba kwa siku nitakayotaka kumwumiza mpaka mfupani, na mara mbili au tatu lilinifika kwenye ulimi barabarani nikalimeza. Sasa alikuwa ameliomba mwenyewe, akisubiri kwa lile sikio lake lote.

Nikamjibu taratibu, nikilinda kila herufi itoke sawasawa.

"Hakutambua mtu," nikasema. "Alikuwa amelala tu."