Chumvi Tuliyoitosa Njia ya Mute

Gari langu la kwanza lilikuwa na milango miwili: mmoja ulifunguka kwa nje tu, mwingine ulifungwa kwa kamba. Nililinunua Palma, kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akifunga virago kwenda Ureno kabla vita havijamfikia barazani. Aliniapia kwamba injini ilikuwa nzima kama moyo wa ng'ombe. Sikumuuliza kama ng'ombe mwenyewe alikuwa hai. Mama yangu aliuza minazi yake ya urithi ili nilipate lile gari, akabakiza mmoja wa uani, na tangu siku hiyo kila nilipoisikia mbuzi ikikuna nazi jikoni niliona inanisema mimi.

Nilikuwa nimeendesha magari ya watu kwa miaka kadhaa na nilichoka kuitwa kwa honi. Nilikuwa na darasa la nne la misheni, leseni, na imani kubwa mno juu ya nafsi yangu. Shahada ya sheria ilikuja baadaye sana, na haikuipunguza imani hiyo vya kutosha.

Wakati ule ulikuwa mzuri kwa mwenye gari na mbaya kwa kila mtu mwingine. Wareno walikuwa wamefunga bahari. Vyombo vyote vya mizigo viliburutwa pwani, visije vikawapelekea wapiganaji wa uhuru chakula. Chumvi, samaki wakavu wa ng'onda na mbata za Palma, ambazo siku zote zilikwenda Mocímboa kwa maji, zikabaki na njia moja tu, barabara ya mchanga inayopita Mute, na barabara hiyo ilikuwa imetegwa mabomu. Gari halikuruhusiwa kwenda peke yake. Tuliungoja msafara wa jeshi, askari wakatangulia kwa miguu wakiuchoma mchanga kwa vyuma, nasi tukawafuata kwa mwendo wa bibi harusi. Kila dereva alijaza magunia ya mchanga chini ya miguu yake na nyuma ya kiti, ili bomu likilipuka limkute na ngao. Mimi niliyajaza mengi kuliko wenzangu. Naupenda mwili wangu.

Gari nilikuwa nalo basi, na njia ilikuwapo. Mizigo ndiyo iliyokosekana. Wafanyabiashara wa Palma hawakuwahi kupakia shehena kwenye gari la mtu. Walichokijua ni chombo cha bahari. Na wote walimtazama mama mmoja mjane, mwenye viwanja vya chumvi. Akipakia yeye, watapakia. Akigeuka, watageuka. Nilimwalika aje alione gari. Akalizunguka polepole, akalisukuma tairi kwa mguu.

"Limezinduliwa?"

"Mama, hili ni gari."

"Macho ninayo. Nimeuliza, limezinduliwa?"

Kuzindua ni jambo tunalolifanya kwa chombo kipya kabla hakijabeba mzigo wa kwanza. Ubani hufukizwa, dua husomwa, watu hula, na kuanzia hapo chombo kinatambulika na ada zake zote zinakifunga. Nilimweleza kwa adabu kwamba gari lina leseni ya serikali.

"Imesomwa na mwalimu gani, hiyo leseni?"

Mjomba wangu, nahodha ambaye chombo chake kilikuwa kimelala ufukweni kikiliwa na jua, alikuwa amekwishajipa kazi ya utingo bila kuulizwa. Alinivuta kando. "Mpwa wangu, fukiza. Ubani haujapata kuua injini ya mtu."

Nikafukiza. Mama yangu alipika wali kwa nazi za ule mnazi mmoja uliobaki, mwalimu wa madrasa akasoma dua, na mjomba akakizungusha chetezo kutoka mbele mpaka nyuma, akisema omo hii, tezi hii, kana kwamba gari litasahau. Nilisimama pembeni nikicheka moyoni, kicheko cha darasa la nne. Siku ya msafara chumvi ikaja. Nyuma yake ikaja ng'onda ya mzee mmoja mfupi mwenye kelele, kisha mbata ya mtu aliyebaki Palma. Mjomba aliipanga mbata chini, ng'onda katikati, na chumvi juu kabisa chini ya turubai, isije ikanywa maji ya madimbwi. Mama wa chumvi na mzee wa ng'onda wakapanda juu ya shehena. Nikaiwasha injini kwa kujiamini, ikawaka mara ya tatu.

Tulikwama kabla ya Mute. Barabara huteremka pale kwenye bonde la udongo mweusi, na mvua ilikuwa imenyesha. Magari ya mbele yalikuwa yamelikoroga tope likawa kama uji; langu likaingia, likazama mpaka kwenye ekseli. Sajini mmoja Mreno akaja mbio akitukana. Alisema msafara haungoji: nipunguze mzigo nitoke, au watalisukuma gari porini walichome, maana hawawaachii wapiganaji kitu chochote chenye magurudumu. Hakuwa akitania. Asubuhi ile ile tulikuwa tumepita mabaki ya gari moja kando ya njia, meusi, milango ikiwa wazi.

Nilianza kutafsiri. Mjomba hakuingoja tafsiri.

"Tosa!" alipiga kelele. "Toseni cha juu!"

Neno lile walilijua wote. Chombo kikizidiwa baharini, hutoswa shehena ili watu na chombo wapone, na huanzwa cha juu, cha nani kisiulizwe. Mama wa chumvi ndiye aliyelisukuma gunia la kwanza, kwa miguu yake miwili, amekaa chini na kushika turubai. Nami nikatosa, mjomba akatosa. Mzee wa ng'onda alikuwa amelikumbatia robota lake kama mtoto mwenye homa.

"Ya kwangu si ya juu! Ya kwangu ya katikati!"

"Hakuna aliyekugusa," mama alimwambia akihema. "Shuka usukume."

Magunia mengine tuliyalaza chini ya magurudumu. Gari likanguruma, likatetema, likatoka. Askari wakayatoboa kwa singe magunia yaliyobaki na kuikanyaga chumvi topeni, watu wa porini wasije wakaipata, na msafara ukaendelea. Tulifika Mute, tukapewa nafasi ya kupoza injini.

Hapo mzee wa ng'onda akashusha pumzi. "Pole, mama. Mungu atakulipa."

"Mungu atanilipa. Na wewe utanilipa, na mwenye mbata, na huyu nahodha," alisema akininyooshea kidole mimi, si mjomba.

Alikuwa na haki, kama tungekuwa baharini. Kilichotoswa huwa hasara ya wote waliookoka: kila mwenye shehena huchangia, na mwenye chombo pia.

"Hiyo ni ya baharini!" mzee alimaka. "Tazama chini, mama. Unaona maji? Huu ni mchanga! Hili ni gari, na kwenye gari kila mtu hubeba msiba wake!"

"Muulize mwenyewe kama ni gari."

Wote wakanigeukia. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi mbele yangu, tofauti na milango yangu mingine. Ningesema tu kwamba ni gari, kama nilivyokuwa nikisema tangu mwanzo, nisingechangia kitu. Niliifikiria minazi ya mama yangu. Lakini nilifikiria pia safari ya pili: nani atakayepakia kwangu akijua kwamba mzigo wake ukiwa juu, ni bahati yake mwenyewe?

"Unanyamaza?" mama wa chumvi aliniuliza. "Au ubani ule ulikuwa wa kufukuzia mbu?"

"Ni chombo," nikasema. "Na chombo kinachangia. Chumvi yako nitaibeba bure mpaka fungu langu liishe."

Mzee wa ng'onda alinitazama kana kwamba nimemuuzia papa aliyeoza. Lakini mwenye chombo akishachangia, mwenye shehena hana pa kujificha. Alimtolea mama sehemu ya ng'onda yake pale pale, akichagua samaki wadogo, naye mama akiwarudisha na kuchukua wakubwa.

Tulifika Mocímboa. Nilishuka kwa kupitia mlango wa kamba, na mzee akachungulia ndani.

"Hii nini?"

"Mchanga."

"Mchanga wote huu? Ulikuwamo humu tulipokwama?"

Magunia yalikuwa pale pale, yamejaa na makavu, hata moja halijaguswa. Tulikuwa tumetosa chumvi tukaokoa mchanga. Ningependa kuandika kwamba niliyabakiza kwa sababu ya mabomu. Ukweli ni kwamba hayakunijia akilini, wala hayakumjia mwingine yeyote.

"Hiyo ni farumi," mjomba alisema kwa hasira. "Mzigo wa kutulizia chombo. Nimekuwa baharini maisha yangu yote, sijaona mtu akianza kutosa farumi!"

Mama wa chumvi alikitazama kile kichuguu cha mchanga, akajifunga kanga yake, akaenda zake.

Miaka mingi baadaye, katika chuo kikuu, mwalimu wetu wa sheria alitufundisha kanuni ya kutosa shehena, ikiwa na jina lake la Kireno, avaria grossa. Niliijibu vizuri hata akaniuliza niliisoma wapi. Kisha akatuonya kwamba kanuni hiyo haitumiki kabisa kwenye usafiri wa barabara. Nikaiandika hivyo hivyo daftarini. Nilihitaji kufaulu.

Lakini kule Palma, siku ya msafara uliofuata ule wa kwanza, niliamka mapema, nikalipeleka gari mahali pa kupakilia, nikakaa. Nilikuwa nimejiambia kwamba nitakwenda hata tupu, ili watu walione likipita. Kulikuwa bado hakujapambazuka vizuri nilipoona magunia yakija juu ya vichwa vya wapagazi, na mama wa chumvi nyuma yao. Alinipita bila salamu. Akaifungua kamba ya mlango, akaingiza kichwa, akayatazama magunia ya mchanga.

"Leo tukikwama, nahodha, tunaanza na haya."

"Na bomu je, mama?"

"Bomu ni lako. Chumvi ni yangu. Pakia."

Nikaufunga mlango kwa kamba, nikaanza kupakia.