Ala Iliyong'ang'ania Bastola

Askari wa kituo kile cha polisi walikuwa wamepewa bastola mpya, nyepesi, nusu plastiki, pamoja na ala za nailoni za kuzivaa kiunoni. Wakubwa walizisifu. Wale waliokula chumvi nyingi kazini walizidharau; bastola, walisema, sharti uusikie uzito wake kiunoni, na hiyo nyingine ni ya mtoto kuchezea kwenye beseni. Waling'ang'ania zile za zamani za chuma, na kwa kuwa ala zake hazikutolewa tena, walikwenda kwa Mzee Msharasi.

Jina hilo, la sindano nene ya kushonea ngozi, walimpachika wao. Alikuwa fundi wa ngozi, mguu mmoja mfupi, kibanda chake kikitazamana na lango la kituo. Alianza na viatu vyao, akaingia kwenye mikanda, mwisho ala. Aliweza kufumba macho, akapapasa ngozi, akakwambia imetoka mgongoni au tumboni. Aliilowesha, akaifinyanga juu ya bastola yenyewe kwa kipande cha mfupa, kisha akaiacha kivulini siku tatu. Kila mteja alimwonya vilevile: ikilowa, usiianike juani, itasinyaa.

Mteja wake mkubwa alikuwa sajenti mmoja, kwa utani Kifua. Miaka kumi na miwili alikunywa chai kibandani pale, na mke wa fundi alimwita shemeji.

Mvua zilipoanza, Kifua alilowa chepechepe zamu nzima. Asubuhi akaitupa ala, bastola ikiwa ndani, juu ya boneti ya gari, jua likaipiga mpaka mchana. Alasiri wakaitwa kwenye duka la simu lililovamiwa. Konstebo aliyekuwa naye akatangulia mlangoni. Kifua akashika mpini, akavuta. Bastola haikutoka. Akavuta kwa mikono miwili. Konstebo alipigwa risasi ya tumbo, akakata roho kabla machela haijafika.

Kwenye uchunguzi Kifua aliulizwa kwa nini alivaa ala isiyo ya jeshi. Akaandika kwamba fundi alimhadaa, akamuuzia ngozi mbovu.

Kesho yake wakaja wanne kibandani, Kifua akiwa mmoja wao, saa nne asubuhi, mtaa mzima ukitazama. Fundi aliitambua mikanda yao kabla ya nyuso. Yote alikuwa ameikata yeye. Hakupiga kelele. Alimgeukia Kifua, akamuuliza taratibu, "Uliianika wapi?"

Wenzake walimshika fundi, wakaukandamiza mkono wake wa kulia juu ya gogo la kukatia ngozi. Kifua akaokota nyundo ya soli, akapiga mara nne, bila hasira, kwa kipimo, kama mtu anayepigilia kisigino. Mkewe alikuwa amesimama na birika la chai mkononi. Wakamwambia aketi, akaketi.

Hospitalini walimkata vidole viwili, na vitatu vilivyobaki havikukunjika tena. Alipokwenda kituoni kushtaki, karani alimsikiliza kwa adabu, akamsogezea karatasi na kalamu, akasema utaratibu ni mlalamikaji kuandika mwenyewe. Askari waliokuwa kaunta walicheka hadi mmoja akatoka nje kufuta machozi. Fundi akarudi nyumbani.

Tangu hapo mkewe ndiye aliyeshona. Fundi aliketi pembeni, akimwelekeza wapi atoboe na uzi aukaze vipi, na alipokosea alimfokea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoe.

Mwezi wa nane Kifua alitokea, sasa amepandishwa cheo kuwa mkaguzi. Aliuliza mkono unaendeleaje, kama mtu anayeulizia mafua. Kisha akaweka bastola yake ya chuma mezani. "Nailoni inanichubua, mzee. Nitengenezee nyingine."

Mwanamke alimtazama mumewe, akingoja. Fundi akaivuta ile bastola kwa mkono wa kushoto, akamwambia mkewe achague ngozi ya mgongo.

Mwanamke aliishona siku nne bila kumsemesha mumewe. Siku ya tano Kifua akaja, akachomoa, akarudisha, akachomoa tena, akaridhika. Alipoondoka, mwanamke akakunja godoro lake, akalihamishia chumba cha pili.

"Nilidhani utakataa," alisema.

"Na wewe uliketi walipokwambia uketi," fundi akamjibu.

Juma lililofuata wakaja wawili wengine na bastola zao, wote miongoni mwa wale waliomkandamiza fundi mkono. Mwanamke akachukua vipimo.