Hatua Arobaini Kutoka Langoni

Babu alikufa akibeba mawe ya ngome ya Mjerumani, juu ya kilima kwetu kusini. Bibi alikatazwa kumrudisha nyumbani, akamzika kulekule. Hakuwa na alama ya kuweka, akahesabu hatua: arobaini kutoka langoni, uso ukielekea mashariki. Hesabu hiyo akamwachia baba yangu, na baba, fundi cherehani wa Mtaa wa Msimbazi, akanikaririsha kabla sijajua kusoma. Mjerumani aliondoka, Mwingereza akaweka askari wake, naye akaondoka. Ngome ikabaki na popo.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wa kwetu waliohamia Kariakoo walikutana uani kwetu kila Jumapili. Siku moja ikaja habari kwamba kijiji kipya chini ya kilima hakina zahanati. Baba akasimama, mtu mzima, macho yakimng'aa.

"Ndugu zangu, tuwaandikie waibomoe ile ngome! Mawe yaliyomuua baba yangu, sasa yawatibu wajukuu zake."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Barua niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Hakuna aliyefikiria lango, hata baba mwenyewe. Nikikumbuka makofi yale najichukia hadi leo.

Miaka michache baadaye kifua kilimbana baba, akataka kitu kimoja tu kabla ya kufa: kumwaga unga wa mtama kwenye kaburi la baba yake, kama desturi yetu inavyotaka. Nikamsindikiza. Kilima tulikikuta kitupu, hata msingi wa ngome umechimbuliwa. Wazee waliopajua walikuwa wamehamishiwa vijiji vingine. Zahanati ilijengwa, ndiyo, lakini dawa hazikuwepo.

Baba alisimama mahali, akahesabu arobaini. Akarudi, akaanzia pengine. Mara ya tatu pumzi zikamwishia.

"Mwanangu, lango lilikuwa wapi?"

Sikuwahi kukanyaga pale maishani mwangu.

"Hapo, baba," nikasema, nikionyesha popote tu.

Akahesabu, akapiga magoti, akamwaga unga, akamwita baba yake kwa jina.

Tuliporudi Kariakoo majirani walikuja kumpa pole ya safari.

"Umemwona mzee wako?" wakamuuliza.

"Nimemwona," akajibu.

Kisha akanitazama kwa muda mrefu, nami nikajua kwamba hakuniamini hata kidogo.