Nyanya wa Kisegi Aliyekataa Chakula

Niliuguza watu miaka ishirini na sita kabla ya mtu yeyote kunifundisha kuuliza mgonjwa anapenda kula vipi. Naandika hivyo nikiona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilipostaafu hospitalini Migori, kanisa moja liliniomba nisimamie makao yake ya wazee nje kidogo ya Awendo, ambako malori ya miwa hupita mchana kutwa. Tulikuwa na wazee kumi na tisa. Shuka zilikuwa safi, dawa zilitolewa kwa saa, faili zilijazwa. Nilijiona kiongozi mzuri.

Kisha kamati ikanipeleka Homa Bay kwa mafunzo ya siku nne, pamoja na wasimamizi wa makao mengine. Mwalimu wetu alikuwa mama mwembamba wa sauti ya chini, ambaye mwenyewe aliwahi kusimamia wazee. Nilitarajia karatasi nyingi. Badala yake, asubuhi ya kwanza alituletea uji. Ulikuwa umejaa sukari na umeshapoa, umefanya utando juu. Akawa anapita nyuma ya viti vyetu akisema, "Kunywa. Maliza."

Bwana mmoja kutoka upande wa Ndhiwa akasema, "Madam, mimi nina kisukari."

Mwalimu alikwenda ubaoni akaandika: Amekataa chakula.

Tukacheka. Yule bwana naye akacheka, kisha akaanza kukasirika. "Lakini si nimekueleza sababu?"

Mwalimu akaandika chini yake: Ni mkali.

Hapo kicheko kikaisha. Mimi nilitazama meza. Kule Awendo kulikuwa na faili yenye maneno hayohayo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. Ilikuwa ya nyanya mmoja wa Kisegi, kando ya ziwa, aliyeletwa na mwanawe wa pekee aliyebaki hai, ambaye anafanya kazi mbali. Alikuwa ametimiza miezi mitatu kwetu na mabega yake yalikuwa yameanza kuchomoza. Tulimwita Dani, yaani nyanya, na wenzake wote pia tuliwaita Dani.

Jioni hiyo nilimpigia simu wifi yangu. Mama yangu alifariki miaka kadhaa nyuma, nyumbani, mimi nikiwa zamu Migori nikiwaosha mama za wenzangu. Wifi ndiye aliyemtunza hadi mwisho. Sikuwa nimewahi kumuuliza chochote zaidi ya saa aliyokata roho.

"Mama alikuwa anapenda nini siku zile za mwisho?" nikamuuliza.

"Mbona leo?"

"Nataka tu kujua."

"Alikuwa hataki kulala ndani mchana. Alinisumbua nimtolee kiti mlangoni aone barabara."

"Barabara gani?"

"Si hii tu ya kutoka kwako."

Wifi, kwa huruma yake, akabadilisha maneno akaniuliza habari za watoto, nami nikamjibu kuwa wote wazima.

Niliporudi Awendo sikupitia ofisini. Nilivuta kiti nikaketi kando ya kitanda cha yule nyanya, nikamsalimu kwa Kijaluo, nikamuuliza, "Dani, chakula chetu kina shida gani?"

"Chakula hakina shida."

"Sasa mbona huli?"

"Nile na nani?"

Sikumwelewa, na aliona hivyo. Akanieleza taratibu. Tangu alipoolewa alikuwa akila na wake wenzake, wote wanne kwenye sinia moja. Mume wao akafa, wakaendelea kula pamoja. Wawili wakafa, yeye na yule mdogo wao wakaendelea. "Hapa mnaniwekea sahani kitandani halafu mnaondoka," akasema. "Mtu mzima anatafunaje peke yake akitazama ukuta, nyara? Hata mate hayatoki."

Nyara, kwa Kijaluo, ni kusema "binti yangu". Hakuwa ameniita hivyo kabla. Mara ya mwisho kuitwa hivyo, aliyeniita alikuwa mama.

Nilitafuta sinia kubwa na mkeka. Wahudumu walipinga, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: "Sista, tutajuaje nani amekula kiasi gani?"

"Tutakaa nao tuone."

"Na kazi nyingine?"

"Tutapanga upya."

Ilituchukua majuma mawili kupanga upya, na kulikuwa na manung'uniko mengi. Kwa wale wanaotumia viti tulitafuta meza ya chini. Siku ya kwanza yule nyanya alikula matonge matatu. Siku ya nne aliomba aongezewe omena, wale dagaa wa ziwani. Wawili waliokuwa hawasemi na mtu waligombana kuhusu mrenda, kama umeiva au umepikwa kupita kiasi, nami nilisimama mlangoni nikiwasikiliza kama mtu anayesikiliza redio nzuri.

Lakini nguvu ziliporudi, hamu ya kwao nayo ikarudi. Kila alipomaliza kula alifuta mikono akauliza, "Nyieka anakula na nani sasa?" Nyieka maana yake ni "mke mwenzangu". Alimtaja yule mdogo wao asubuhi, akamtaja mchana. Nilimpigia mwanawe simu, akakubali nimpeleke kumtembelea, iwe siku moja tu.

Tuliondoka Jumamosi kwa gari la makao, tukapitia Ndhiwa, tukateremka hadi Kisegi. Ziwa lilipotokea alinishika mkono. Nyumba yake ilikuwa imebomoka upande mmoja. Ya mke mwenzake ilisimama, na mwenyewe alikuwa nje amekunja miguu, anageuza omena juani. Macho yake yalikuwa hafifu. Aliinua uso, akasikiliza hatua zetu, akasema, "Umechelewa."

"Walinificha," nyanya wangu akajibu.

Wakacheka hadi nikaona machozi. Mke wa mwana wa yule mdogo alitupikia, na wale wawili wakala kwa vidole vilivyojuana, huyu akimsogezea mwenziwe kipande bila kutazama. Ilipofika saa tisa nikasema twende.

"Wewe nenda, nyara," akaniambia.

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Niliongea habari za dawa, za presha, za choo cha mbali. Alinisikiliza kwa adabu zote. Mwishowe nikampigia mwanawe, nikampa mama yake simu. Sijui alimwambia nini, maana aligeukia ziwa. Aliponirudishia, mwanawe alikuwa bado hewani.

"Sista," akasema, "mwache."

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa mhudumu wa afya wa kijiji, nikamwachia dawa na maelezo, akaniahidi kumpima kila juma. Nilimwonyesha yule mke wa mwana jinsi ya kumgeuza na kumwogesha. Kisha nikarudi Awendo na kiti kitupu nyuma yangu.

Mwenyekiti wa kamati hakufurahi. "Tulikupeleka kujifunza kutunza wazee," akasema, "sasa unawaacha njiani?"

"Sikumwacha njiani. Nilimwacha kwake."

Niliandikiwa barua ya onyo. Ninayo. Sidai kuwa kila mzee arudishwe kwao. Wengi wa wangu hawana kwao pa kurudi, na mmoja alikimbia hukohuko kwao kuja kwetu. Naye nilikuwa sijamuuliza, mpaka mwaka ule.

Nyanya aliishi Kisegi kupita mvua mbili. Nilimtembelea mara tatu, na kila mara nilikuta mnofu umeongezeka mashavuni mwake. Alifariki alfajiri moja, mke mwenzake akiwa kando yake. Siku ya mazishi yule mdogo alinishika uso kwa viganja vyote viwili, akapapasa paji, pua na kidevu, akitaka kujua nafanana vipi. "Alikuwa akikutaja," akasema. "Alisema ana binti Awendo."

Sasa mimi pia huitwa Homa Bay kufundisha wasimamizi wapya. Huwa nawapa uji, huwa tunacheka, kisha huwa tunanyamaza. Wananiita Madam, na wazee wangu wananiita Sista. Ni majina mazuri, nayaitikia. Ila kuna siku, hasa mchana kazi zikitulia na wahudumu wakiwa wameketi na wazee, hujikuta nimeinua kichwa kama mtu aliyeitwa nyara kutoka nje. Natega sikio. Hakuna aliyeniita.