Mbavu za Mama Sabasi

Natamani ningemkatalia Pius aliponinong'oneza, "Huyu mtu wa ziwani tumpe pembe nyeusi, mbavu tuchukue sisi."

Juzi hospitalini nilimwona mama mmoja ameinua picha ya eksirei dirishani, nikakumbuka. Tulikuwa watoto watatu wa Mazwi, tukipanga kutazama jua likipatwa. Sabasi, aliyehamia kutoka Kabwe, kule ziwani, alileta eksirei ya kifua cha mama yake ili tukinge macho. Pius aliikata kwa wembe, pembe yake nyeusi akampa Sabasi. Mimi niliamini kwamba mfupa, kwa kuwa ni mgumu, ungezuia jua. Sasa najua kwamba kwenye picha ile mwanga hupenya zaidi penye mfupa.

"Nipeni mbavu za mama yangu," Sabasi alisema.

"Kavue dagaa wewe!" nikamjibu, nikamsukuma akaangukia mabua ya mahindi.

Jua lilipoanza kumegeka, baridi ilishuka. Harufu ya pombe ya ulezi ilitanda uani, na kuku wakaingia bandani wakilalamika. Pius alichungulia mara moja tu, akanitupia kipande chetu huku machozi yakimtoka.

"Linachoma!"

"Njoo utazame na changu," Sabasi aliniita.

Sikutaka kupokea kitu mkononi mwake. Nilifumba jicho la kushoto, nikalikazia jua la kulia kupitia zile mbavu mpaka giza likatimia, nikamcheka Sabasi kwa sauti.

Tangu alasiri ile, jicho langu la kulia halijaona tena uso wa mtu.