Foleni Isiyokula

Kitu cha kwanza kuonekana kwa Tulinagwe ni macho yake: yalikuwa chini, kwenye matairi. Hata mtu akimsalimia, alitazama kwanza lori lililo karibu, ndipo akaitikia. Tairi lililobonyea lilimaanisha mzigo, mzigo ulimaanisha dereva, na dereva hula. Kwa kipimo hicho alikuwa amepika wali na maharage kando ya barabara pale Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, kwa miaka kumi na mmoja.

Jumatatu ile alfajiri alikuta malori yamejipanga, yamebonyea vizuri, yakielekea Zambia na shehena ya kwenda migodini. Tulinagwe akabandika sufuria tatu. Hadi saa nane mchana wali ulikuwa umepoa, na hakuna aliyenawa mikono.

"Mama Ferista," Sekela, mkaanga mihogo wa jirani, akamwita kwa jina la mwanawe, "leo unalisha matairi? Madereva wamepanda basi jana, wamerudi kwao. Hapo kuna walinzi wawili tu, nao wamekuja na viporo vyao!"

Sekela alicheka peke yake. Redio ilikuwa imeshasema: viwanda vya mbali vimepunguza kazi, shaba haina mnunuzi, migodi ya ng'ambo ya mpaka imesimama. Tulinagwe hakuwahi kuuona mgodi wala kiwanda. Alichojua ni kwamba mwaka wa korona ilikuwa hivi hivi, ila wakati ule magoti yake yalikuwa bado na nguvu.

Jioni kaka yake, Gwalugano, akapiga simu kutoka kijijini kwao, Ikinga.

"Mdogo wangu, mvua imeshika. Usipofika Jumamosi, shamba lako nampa mwingine alime. Huko unang'ang'ania nini?"

"Niache hadi Ijumaa, kaka."

Alijua akibomoa kibanda chake aende kulima, mwingine angejenga pale kabla majivu hayajapoa.

Alhamisi akapiga Osward, dereva aliyekula kwake tangu akiwa utingo, msaidizi wa lori.

"Mulishani, mama!" akamjulia hali kwa lugha ya Zambia. "Mzigo umepata mnunuzi. Tuko Nakonde, huku ng'ambo ya mpaka, malori ishirini na mawili ya shaba, tunasubiri karatasi. Kesho mchana usipike kidogo."

"Usinidanganye, baba."

"Kwenye chakula? Nimekudanganya lini?"

Ijumaa saa sita, sufuria zote tatu zilikuwa motoni. Begi la safari ya Ikinga lilikuwa limefungwa, limeegemea nguzo. Tulinagwe alisimama katikati ya moshi, mkono kiunoni, akitazama upande wa mpakani. Upande wa barabara wa malori yanayotoka Zambia ulikuwa bado tupu.